Kitambaa Chekundu cha Nicanor

Kila asubuhi kabla ya shule, Lynnet na kaka yake Nicanor walikuwa wakikagua kamba ya kushukia shimoni. Nicanor alishika ncha moja, naye Lynnet akaipitisha yote viganjani, polepole, akiwa amefumba macho, huku mashine za kusaga mawe ya dhahabu zikinguruma kila upande wa machimbo ya Osiri.

"Macho yana haraka," Nicanor alizoea kusema. "Mkono hauna."

Palipokuwa na nyuzi zilizokatika, wachimbaji walisema kamba ina kidonda. Aliyekigundua alifunga hapo kitambaa chekundu, na hakuna aliyeshuka shimoni mpaka kamba ibadilishwe, hata kama mwenye shimo angefoka.

Mwezi wa Aprili Nicanor aliitwa kusaidia katika shimo la watu wengine. Mmoja wao alikuwa ameona kidonda kwenye kamba yao. Hakufunga kitambaa, na kamba ikakatika Nicanor akiwa anashuka. Siku ya mazishi mtu huyo alisimama mbele ya waombolezaji akalia, "Nilidhani itavumilia mara moja tu."

Tangu hapo mama yao, Millicent, hakutaka tena kusikia zile mashine. Aliamua wahamie kwa dada yake, Homa Bay. Lynnet aliomba jambo moja: kwanza aende bondeni.

Bonde hilo liko mbali, ng'ambo ya mji mdogo wa Magunga, ambako njia ya pikipiki huishia na mtu hutembea saa nyingi katikati ya mawe magumu ya itale. Nicanor alikuwa akienda kukwea huko kila alipopata nafasi. Juu ya mwamba mkubwa kuliko yote aliacha kikombe cha bati. "Ukiingia gredi ya nane nitakupandisha," alimwahidi Lynnet. "Utakunywa maji ya mvua humo." Sasa Lynnet alikuwa gredi ya nane.

Mjomba Austine, aliyewahi kukwea na Nicanor, alikubali kumpeleka pamoja na binti yake Scovia. Walilala Magunga, wakaondoka alfajiri.

"Baba, miguu yangu imekufa," Scovia alilalamika jua lilipokuwa kali. "Mtanizika hapa hapa."

Kisha akamtazama Lynnet, akauma mdomo.

Chini ya mwamba, Austine alitangulia kupanda kupitia ufa mrefu ambamo mikono ya mtoto isingefikia pa kushika. Huko juu alifunga kamba kwenye shina la mti, akairusha. Ikanasa kwenye ukingo mkali wa jiwe. Akaivuta kwa nguvu, akaivuta tena, mpaka ikashuka.

"Jifunge kiunoni, Lynnet! Kikombe nakiona!"

Kwa mazoea alifumba macho, akaanza kuipitisha kamba viganjani. Ghafla vidole vikasimama. Nyuzi zilikuwa zimechomoza nje kama nywele.

Scovia alikuwa ameona. "Ni kidogo tu hapo," alinong'ona. "Na wewe ni mwepesi. Jumatatu mnahama. Mama yako atakuruhusu tena lini? Ni mara moja tu."

Mara moja tu. Lynnet alitazama juu. Mjomba hakuwa na kamba nyingine.

Mfukoni alikuwa na kitambaa cha Nicanor, kilichorudishwa nyumbani pamoja na nguo zake. Alikuwa amepanga kukiacha juu, ndani ya kikombe. Akakitoa, akakifunga kwenye kidonda.

"Mjomba! Vuta!"

"Umejifunga?"

"Vuta tu!"

Kamba ilipanda tupu. Baada ya muda mrefu Austine alishuka kupitia ule ufa, kikombe kikining'inia kiunoni. Kilikuwa na tope lililokauka. Aliketi, akaichukua kamba, akaikata kwa kisu palepale kwenye kidonda.

"Niliisikia ikikwaruza jiwe," alisema. "Nikasema haina neno."

Lynnet alianza kulia. "Nilitaka kufika, Mjomba."

"Najua, nyathina, mwanangu. Yule mtu wa shimoni naye hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka, kama mimi leo. Lakini ukiona hatari ukanyamaza, umemtwika mwenzako hatari hiyo. Sema, hata kama watakucheka, hata kama safari itaharibika. Safari hupangwa tena. Mtu hapangwi tena." Akamgeukia Scovia. "Na wewe umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Walipofika kijitoni, Scovia alikisugua kikombe kwa mchanga bila kuambiwa, akamchotea Lynnet maji. Yalikuwa na ladha ya kutu. Hayakuwa maji ya mvua. Lynnet aliyanywa yote.

Jumapili jioni Millicent alikuwa amesimama njiani, amesimama hapo tangu alasiri. Lynnet alipotokea, mama yake alimshika mabega kwa mikono miwili. Hakumuuliza kama alifika juu.