Inua Mguu, Ndipo Upitishe Uzi

Lukresia ni fundi cherehani wa Runzewe. Watu wanamwita Mama Goodness. Kwa miaka kumi na sita ameshona kwa cherehani ya miguu, ile nyeusi inayolia kama pikipiki mbovu inayopanda mlima. Ameshona sare za shule, magauni ya harusi, hata mapazia ya nyumba ya paroko. Suruali ya mumewe inasubiri zamu yake tangu mwaka jana.

Mwaka huu kaka yake aliyeko Shinyanga alimletea cherehani ya umeme ya kudarizi. Ni ndogo, nyeupe, na ina kioo. Unachagua ua kwenye kioo, unabonyeza, nayo inalichora kwa uzi. Wewe unaendelea kuchambua mchele. Angalau ndivyo kaka yake alivyosema.

Jumapili, baada ya sala ya jumuiya, mwenyekiti alisimama. Anaitwa Bernadina, na akisimama huwa hakai mapema.

"Watoto wetu kumi na wanne watapata kipaimara Jumapili ijayo," alisema. "Tunataka kila mmoja avae skafu nyeupe yenye njiwa. Nimepata fundi mzuri Kahama."

"Kahama kuna nini?" aliuliza Lukresia. "Nitadarizi mimi."

"Kwa cherehani ipi? Ile ya kupiga mateke?"

Kina mama wakacheka.

"Ninayo ya umeme."

"Unaijua lakini?"

Lukresia alikuwa ameitumia mara mbili tu. Lakini binti yake, Goodness, alikuwa mmoja wa hao watoto kumi na wanne, na alikuwa amekaa pale pale akimtazama mama yake.

"Naijua," alisema Lukresia.

"Haya," alisema Bernadina. "Ijumaa saa moja asubuhi nitapita kwako. Nisipozikuta tayari, nabeba vitambaa, napanda gari la Kahama."

Jumatatu asubuhi Lukresia alifagia, akapika uji, akaketi mbele ya cherehani na vitambaa kumi na vitano alivyopewa na Bernadina, kimoja kikiwa cha akiba. Alibana skafu ya kwanza kwenye lile duara la plastiki linaloshika kitambaa. Alichagua njiwa. Akabonyeza.

Cherehani ilienda vizuri kwa muda wa kumeza mate. Kisha uzi ukakatika. Ikalia pii, ikasimama. Lukresia akapitisha uzi upya. Ikaenda, ikalia pii. Alipogeuza kitambaa, chini yake palikuwa na bonge la uzi, kama kiota cha ndege mvivu. Alikata, akaanza tena. Kufikia saa sita alikuwa na kitu chenye mbawa kwenye kitambaa.

Goodness alirudi kutoka shule, akakiangalia.

"Mama, huyu kuku ni wa nani?"

"Ni njiwa."

"Amenyeshewa?"

"Kachote maji, Goodness."

Jioni Tarsisi, baba yake Goodness, alirudi kutoka machimboni. Tarsisi anachimba dhahabu. Alikuwa na kiroba cha mawe begani. Alikibwaga chumbani, karibu na meza ya cherehani, mahali anapoweka viroba vyake vyote. Vumbi likapanda, likatua polepole juu ya kila kitu.

Lukresia alimwonyesha lile bonge la uzi. Wachimbaji huliita shimo lao duara. Kwa hiyo Tarsisi alipoliona duara la plastiki, alijiona yuko kazini.

"Kumbe na wewe una duara," alisema. "Basi hii ni kazi yangu. Uchafu uko chini, tatizo liko chini."

Alifungua kikasha cha bobini, yaani kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Akaona parafujo ndogo ubavuni. Akaikaza.

"Nimezungusha nusu," alisema. "Mchimbaji lazima ahesabu."

Haikusaidia. Jumanne, Lukresia alitoa sindano. Ilikuwa ile ile iliyokuja na cherehani. Akainoa kwenye jiwe la visu, kama alivyozoea kunoa sindano za cherehani yake nyeusi. Akairudisha kwa mazoea, upande wake bapa ukitazama pembeni. Uzi ukazidi kukatika. Sasa ulikuwa unachanika kwanza, unatoa manyoya.

"Uzi wako ni dhaifu," alisema Tarsisi. "Huo unang'aa tu. Chukua huu tunaoshonea viroba. Huu hata ng'ombe akivuta haukatiki."

Kweli haukukatika. Kilichokatika ni sindano. Kipande kiliruka, kikapita karibu na jicho la Lukresia, kikagonga sufuria.

Tarsisi aliuweka chini uzi wa viroba.

"Basi," alisema Tarsisi taratibu. "Mpe Bernadina vitambaa vyake. Macho hayauzwi dukani."

Lukresia aliokota kipande cha sindano, akakifunga kwenye karatasi. "Sijaleta hii mashine ndani ili iniangalie," alisema. "Skafu zinatoka hapa."

Alijua wa kumuuliza. Karibu na stendi yuko binti mmoja anayeitwa Violeth. Alisoma ufundi Shinyanga, na anadarizi nembo za sare za shule. Shida ni moja: aliyemfundisha Violeth kushika mkasi ni Lukresia mwenyewe. Tangu Jumatatu Lukresia alikuwa akipita mbali na duka lile kama mtu aliyekopa chumvi. Jumatano asubuhi alijitanda kitenge, akaenda.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Violeth.

"Marahaba. Leo usiniite mwalimu."

"Nikuite nani? Si wewe uliyenichapa rula niliposhona mfuko wa shati mgongoni?"

"Ndiyo maana nimechelewa kuja. Rula yako nimekuletea, ukitaka kulipiza."

Violeth alicheka, akafunga duka, akachukua mkoba wake.

Nyumbani, kitu cha kwanza alichotazama ni ile skafu.

"Huyu kuku ameshaanza kutaga?"

"Violeth."

"Nauliza tu, mwalimu. Sasa chomoa waya kwenye umeme. Hatugusi sindano mashine ikiwa na umeme."

Lukresia akachomoa.

"Nionyeshe unavyopitisha uzi wa juu."

Lukresia alipitisha uzi kwa haraka, kama mtu aliyefanya hivyo miaka kumi na sita. Violeth hakutazama mikono yake. Alikuwa anatazama mguu, kile kijiguu cha chuma kinachokandamiza kitambaa.

"Mguu uko wapi?"

"Chini."

"Hapo ndipo kuku alipozaliwa. Huku juu, ndani, kuna visahani viwili vinavyobana uzi. Mguu ukiwa chini, visahani vimefumba. Uzi unapita juu yake, hauingii katikati. Basi unakuwa umelegea, unashuka wote, unajikusanya chini ya kitambaa. Inua mguu, ndipo upitishe uzi."

"Lakini uchafu uko chini," alisema Tarsisi kutoka mlangoni. Siku hiyo hakwenda machimboni. Alitaka kuona. "Kwenye duara, maji yakijaa chini, unashuka chini."

"Baba Goodness, mvua inaingilia wapi kwenye duara?"

"Juu."

Tarsisi akaja kukaa karibu.

Lukresia aliinua mguu, akapitisha uzi upya. Violeth akamwambia auvute kwa vidole. Ulikuja bila kinyongo. Akashusha mguu, akavuta tena. Sasa uligoma.

"Umeona? Mguu juu, uzi unakuja. Mguu chini, uzi unakaza. Ukiona hivyo, umeingia mahali pake. Usipokaza, rudia."

Kisha Violeth aliuliza kuhusu sindano. Lukresia alifungua ile karatasi. Violeth alipitisha ukucha kwenye ncha iliyonolewa.

"Pitisha wako."

Lukresia alipitisha. Ukucha ulikwaruzwa.

"Jiwe limeacha meno hapa," alisema Violeth. "Kila sindano ikishuka, meno yanautafuna uzi. Sindano ya mashine hainolewi, mwalimu. Inabadilishwa. Ukidarizi kwa saa nane hivi, weka mpya. Ikipinda au ikigonga chuma, usingoje hata saa moja."

Alitoa pakiti ndogo iliyoandikwa 75/11. "Hizi ni za kudarizi. Tundu lake ni pana, halichani uzi. Upande bapa unatazama wapi?"

"Pembeni. Ile nyeusi ndivyo ilivyo."

"Ile nyeusi ni bibi, ina mambo yake. Hii upande bapa unatazama nyuma. Isukume juu mpaka igome, ndipo ukaze parafujo. Sindano isiyofika juu inaruka mishono, na inaweza kuvunjika."

Lukresia aliiweka mwenyewe. Violeth alikaa juu ya mikono yake, kwa makusudi, ili asisaidie.

"Na huu uzi wa viroba?" aliuliza Tarsisi.

"Urudi kwenye viroba. Ni mnene, unalazimisha sindano. Juu weka uzi wa kudarizi, huo unaong'aa. Kwenye bobini weka mwembamba wa kudarizi. Na nani amegusa hii parafujo ya bobini?"

Lukresia alimtazama mumewe. Tarsisi alitazama dari.

"Nilikaza nusu," alisema. "Nilihesabu."

"Kwa kuhesabu, nakusamehe. Legeza nusu ile ile. Hiyo parafujo inaguswa mwisho kabisa, mengine yote yakishashindikana."

Tarsisi akairudisha nusu, ulimi ukiwa nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Mwisho Violeth aliondoa kile kibati kilicho chini ya sindano. Ndani palikuwa na manyoya ya uzi yaliyochanganyika na vumbi jeupe. Lukresia akainama ili apulize.

"Usipulize. Pumzi ina maji, na vumbi linazidi kuingia ndani. Tumia brashi." Violeth alikusanya lile vumbi kwenye kiganja, akamsogezea Tarsisi. "Haya, mawe yako. Peleka ukapime, huenda kuna dhahabu."

Tarsisi alikiangalia kile kiganja, akaviangalia viroba vyake. Alianza kuvitoa nje, kimoja kimoja.

"Wabeja," Lukresia alimwambia Violeth. Kwa Kisukuma, ni asante inayotoka moyoni.

"Usinishukuru bado. Jaribu kwenye kitambaa kibovu kwanza. Na uzi ukikatika tena, usiguse vitu vitatu kwa pamoja. Pitisha uzi upya, jaribu. Bado? Badili sindano, jaribu. Bado? Angalia uzi wenyewe, jaribu. Bado? Safisha. Ukigusa vyote kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa mwizi."

Walijaribu kwenye shuka kuukuu. Njiwa alitoka. Alikuwa na mdomo, jicho na mbawa mbili. Violeth akaenda zake.

Alhamisi Lukresia alianza alfajiri. Njiwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Uzi wa juu ukaisha, akaweka kibiringo kipya, kile kipande cha plastiki kilichozungushiwa uzi. Katika njiwa wa tano, cherehani ikalia pii.

Uzi umekatika.

Tarsisi alinyoosha mkono kwenye bisibisi. "Nimwite Violeth?"

"Weka hiyo chini," alisema Lukresia. "Ngoja."

Aliinua mguu. Akapitisha uzi upya. Akashusha mguu, akavuta: uzi ulikaza. Akabonyeza. Ikaenda kidogo, pii.

Alichomoa waya, akaweka sindano mpya, upande bapa nyuma, mpaka juu. Akachomeka, akabonyeza. Pii.

Jasho lilimtoka. Zilibaki skafu kumi, na gari la Kahama lilikuwa limeshaanza kupiga honi kichwani mwake. Lakini hakugusa parafujo. Sasa ilikuwa zamu ya uzi wenyewe. Aliushika, akaufuata taratibu kwa kidole, kutoka kwenye sindano kurudi juu, hadi kwenye kibiringo chake. Pale kidole kikasimama. Ukingo wa kibiringo una mkato mdogo wa kubania ncha ya uzi. Mkato ulikuwa umetazama upande unaofungukia uzi. Kila kibiringo kikizunguka, uzi ulinasa humo, ukavutwa, ukakatika.

Lukresia alikigeuza kibiringo, mkato ukakaa upande wa pili. Akapitisha uzi, mguu ukiwa juu. Akabonyeza.

Cherehani ikaenda. Ikaenda mpaka njiwa akapata mkia.

"Kilikuwa nini?" aliuliza Tarsisi.

"Juu," alisema Lukresia. "Juu kabisa."

Ijumaa saa moja kamili Bernadina alibisha hodi. Alikuwa na mfuko mkubwa mtupu na viatu vya safari. Mezani alikuta skafu kumi na tatu zimekunjwa. Alizifungua moja moja, akazigeuza, akatafuta kosa upande wa chini kama anayetafuta chawa. Hakupata.

"Hizi ni kumi na tatu," alisema.

"Ya kumi na nne iko kwenye mashine. Kaa, mwenyekiti, nimalizie."

Bernadina alikaa. Ilikuwa zamu ya mdomo wa njiwa, unaotaka uzi wa rangi nyingine, na chai ilikuwa inafurika jikoni.

"Niwekee uzi wa njano nishushe sufuria," alisema Lukresia, huku akichomoa waya.

Bernadina aliunyoosha uzi, akauweka kwenye kitanzi cha kwanza cha chuma, uzi unapoanzia kupita.

"Hapana, mwenyekiti," alisema Goodness, aliyekuwa akivaa viatu vya shule. "Inua mguu kwanza."

Bernadina aliinua mguu wake wa kulia kutoka sakafuni.

Goodness akakimbilia nje ili asicheke ndani. Lukresia alirudi na sufuria, akamkuta mwenyekiti wa jumuiya amekaa mguu mmoja hewani, uzi mkononi, akingoja maelekezo yanayofuata. Alimwonyesha mguu wa cherehani, na hakucheka mpaka skafu ya kumi na nne ilipokamilika.

Jumapili watoto kumi na wanne walisimama mbele ya altare, njiwa shingoni. Goodness alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Baada ya misa Bernadina alisimama kutangaza kwamba vitambaa vya altare vya Pasaka vitadariziwa hapa hapa Runzewe. Alisimama muda mrefu, kama kawaida yake.

Viroba vya Tarsisi sasa vinakaa nje, chini ya bati. Na ile skafu ya kwanza haikutupwa. Kazi ikiisha, Lukresia huifunika cherehani kwa skafu hiyo, vumbi lisiingie. Ukipita kwake jioni utamkuta kuku amekaa juu ya mashine, amelowa vilevile, analinda njiwa.