Kola Ikivutwa, Panda

Kola ya shati ilivutwa juu, taratibu, na Rubani akapandisha droni kama alivyoagizwa.

Hakuwa rubani wa ndege. Jina hilo walimpachika majirani siku aliporusha droni yake ya kwanza ikanasa kwenye kamba ya nguo za nyumba ya pili, na tangu hapo hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu. Mchana huo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika uwanja wa kiwanda kilichofungwa miaka mingi, jua limesimama utosini, miwani ya video imemfunika uso kuanzia nyusi hadi puani. Mwili ulikuwa kitini. Macho yalikuwa juu ya kiwanda, yakipita polepole juu ya mabati yenye kutu ambayo mteja alitaka kuyaona kabla ya kununua.

Kola ikavutwa tena. Akapanda tena.

"Imetosha, mke wangu. Mteja anataka paa, hataki mawingu."

Ikavutwa mara ya tatu, safari hii kwa nguvu, hadi kifungo cha juu kikambana koo. Rubani akacheka, akapanda mpaka kidhibiti mikononi mwake kikaanza kulia kwa sababu ya upepo wa huko juu. Hapo ndipo alipoirudisha mashine chini, akavua miwani, akageuka amwulize mkewe alikuwa anatafuta nini angani.

Nyuma ya kiti hapakuwa na mtu. Mkewe alikuwa kule langoni, simu sikioni, anamwelekeza mteja njia.

"Umefika huko sasa hivi?" akapaza sauti.

"Niko huku muda! Si nilikuaga? Ukaitikia 'mm'."

Mapatano yao yalikuwa rahisi. Aliyevaa miwani haoni anga, haoni nyaya, haoni hata mbuzi akija kumlamba goti, kwa hiyo mkewe husimama nyuma yake, mikono mabegani, akiifuata droni kwa macho yake mwenyewe. Bega la kushoto likibonyezwa, nenda kushoto. La kulia, kulia. Yote mawili yakikandamizwa, shuka. Kola ikivutwa, panda. Hawakutumia maneno kwa sababu kazi zao nyingi zilikuwa harusi, na kwenye harusi muziki humeza maneno. Rubani alikuwa amezoea kutii mikono ile bila kufikiri, kama mtu anavyotii miguu yake.

Miwani yenyewe walikuwa nayo wiki chache tu. Zamani walitumia skrini ndogo iliyofungwa kwenye kidhibiti, na juani ilikuwa haionyeshi kitu, inang'aa kama sahani, hadi wakaitengenezea kibanda cha boksi na kuingiza vichwa vyote viwili humo kama kuku kwenye debe. Mkewe alipenda hivyo. Alisema jicho lake huona linachokiruka jicho la mumewe. Walipokwenda dukani kutafuta kitu bora, alikuwa ameshachagua moyoni.

"Skrini hii inashinda jua," muuzaji aliwaambia. "Mtaitazama wote wawili, mtagombana wote wawili."

"Ndiyo hiyo tunayoitaka," mke akasema.

"Lakini hebu kaka avae hii kwanza."

Rubani aliivaa miwani, muuzaji akarusha kidroni kidogo nje ya mlango wa duka, na Rubani akaganda pale aliposimama. Mdomo ulikuwa wazi. Mkewe alimgusa mkono, akashtuka kama aliyeamshwa.

"Skrini inakuletea picha," muuzaji akasema. "Hii inakupeleka wewe."

"Inampeleka wapi? Na mimi je?"

"Wewe dada unabaki kuulinda mwili."

Wakacheka wote watatu, na wakanunua miwani.

Sasa, wakirudi kutoka kiwandani, walicheka tena, ingawa kidogo. Rubani alisema shati lilinasa kwenye kiti. Mkewe akakubali. Lakini kesho yake, alipokaa kwenye kompyuta kukata picha za ile kazi, alifika mahali droni ilipokuwa inarudi chini na kamera imewaelekea. Alijiona langoni, mdogo, na simu. Alimwona mumewe kitini. Nyuma ya kiti palikuwa na ardhi tupu yenye kung'aa kwa jua, na kola ya mumewe ilikuwa imesimama wima kisogoni, imechongoka juu, kama nguo iliyobanwa kwa vidole viwili.

Akaikuza picha. Nguo ilikuwa na mikunjo pale ilipobanwa.

"Upepo," Rubani akasema nyuma yake.

"Upepo haubani."

Chumbani mlikuwa na harufu ya bati lililochomwa na jua, harufu kavu inayoshika kooni, ingawa dari yao ilikuwa ya mbao na paa lao la vigae.

Wakairudisha miwani. Muuzaji hakuuliza mengi. Aliipokea, akawapa ile skrini inayoshinda jua, na mke akatoka dukani akiwa mwepesi. Aliamini ameirudisha na ile shida. Kazi iliyofuata ilikuwa kiwanja cha familia moja, kazi ya kawaida, wawili wamesimama bega kwa bega mbele ya skrini moja.

"Angalia yule mbwa," Rubani akasema.

"Mbwa gani?"

Skrini ilionyesha ukuta na majani. Kisha, baada ya muda wa kuvuta pumzi, mbwa mweupe akaingia kwenye picha kutokea nyuma ya ukuta, mahali ambapo droni ilikuwa bado haijafika.

"Skrini hii inachelewa," Rubani akalalamika.

Mkewe alimtazama. Mumewe hakuwa anaitazama skrini. Macho yake yalikuwa wazi na yameelekea viatu vyake.

Siku hizo za mwanzo kulikuwa bado na nafasi ya mzaha. Mezani Rubani alinyoosha mkono kuchukua kikombe akakikosa, akashika hewa ya pembeni, kisha akashusha kiganja juu ya kikombe kwa uangalifu kama mtu anayeokota kitu kisimani. Akasema, bila kuinua uso, "Kumbe una kovu utosini. Miaka yote hii hukuniambia."

Mkewe akapeleka mkono kichwani. Kovu alilipata utotoni, chini ya nywele, na hata yeye alikuwa amelisahau. "Unalionaje wewe, umekaa mbele yangu?"

"Nakuona kutoka juu," akasema kwa upole, kama anayeeleza jambo la aibu. "Nawaona wote wawili, mimi na wewe. Nilidhani itaisha."

Haikuisha, ilipanda. Mwanzoni aliona kutoka usawa wa dari, na aliweza kujiongoza mwenyewe chumba hadi chumba, akijitazama kama mtu anayesukuma mkokoteni wa mwenzake. Baadaye akasema ametoka nje ya paa, na kuanzia hapo mkewe akiwa ndani Rubani hakumwona kabisa, alisikia sauti yake tu, hivyo akawa anamwomba atoke uani, asimame kidogo mahali peupe, ainue uso. Mwili wake ulikuwa baridi hata mchana. Madirisha yakiwa yamefungwa na pazia limetulia, nywele zake zilikuwa zikilala upande mmoja na kuinuka, zikilala na kuinuka, na mkewe alipoinama karibu naye kumfunika blanketi alisikia kifuani mwake upepo, upepo wa mahali palipo wazi sana, unaovuma bila kugonga kitu. Alitaka jambo moja tu duniani: mumewe ashuke.

Dada wa Rubani alikuja na maneno yake ya siku zote. "We mcheshi, inuka. Umemchosha mke wa watu kwa michezo yako."

"Dada, gari lako umeliacha mlango wazi, kule nyuma ya duka la dawa."

"Kule hakuonekani kutoka hapa."

"Kuna mtu ameegemea boneti."

Alitoka kwa hasira. Aliporudi alikuwa ameshika funguo kwa mikono miwili na hakuzungumza tena kwa sauti kubwa. "Wifi," akanong'ona jikoni, "mlango ulikuwa wazi. Mtu hakuwepo. Lakini boneti imebonyea... kama mtu mzima alikuwa ameegemea. Twende tukatafute msaada."

Mganga waliyemleta alikuwa mtu mtulivu aliyeuza vipuri vya baiskeli, na alikuja na grisi kwenye kucha, akaomba radhi kwa hilo. Hakuuliza maswali ya kutisha. Alinusa chumba. Aliweka sikio kwenye kifua cha Rubani, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akawaita wanawake wawili pembeni.

"Mimi kazi yangu ni kutoa kilichoingia," akasema polepole. "Kwa huyu hakuna kilichoingia. Yeye ndiye aliyetoka. Alikuwa ameacha mwili wazi na mlinzi hakuwepo, na aliyekuta nafasi hakutaka nyumba. Alimtaka mwenye nyumba."

"Anampeleka wapi?" mke akauliza.

"Kwao. Sijui ni mbali kiasi gani."

"Anaweza kurudi?"

"Mwite kwa njia anayoijua. Maneno hatayafuata, atadhani ni upepo."

Mke akasimama nyuma ya kiti, akaweka mikono mabegani mwa mumewe, akakandamiza yote mawili.

Mwanzoni hapakutokea kitu. Kisha Rubani akavuta pumzi. "Nashuka," akasema, na sauti yake ilikuwa na mshangao wa furaha uliowafanya wanawake wote wawili walie. "Naona barabara. Naona mtaa wetu. Naona tangi la jirani, halina mfuniko, mwambieni." Dada yake akacheka katikati ya kilio. "Kandamiza, mke wangu, usichoke. Naona vigae. Napita." Baridi ikaanza kutoka mabegani mwake. Macho, yaliyokuwa yameelekea magotini kwa wiki nzima, yakasogea, yakatafuta, yakapanda hadi usawa wa uso wa dada yake na karibu yamtambue.

Ndipo kola ikainuka.

Iliinuka kati ya viganja viwili vya mke, mbele ya macho yake, ikachongoka juu na kujikunja mikunjo midogo pale ilipobanwa, na harufu ya bati la moto ikajaa chumbani hadi mganga akafunika pua, na mke akakandamiza kwa uzito wake wote, vidole vya miguu vikiacha sakafu, na bado alihisi mabega ya mumewe yakipanda chini ya mikono yake kama unga uliotiwa hamira, na kitu chembamba kikaanza kulia shingoni mwa mumewe, si shati, shati lilikuwa zima, ni sauti ya kitambaa kinachochanwa taratibu sana mahali pasipo na kitambaa.

"Nawaona wawili," Rubani akalia. "Mmenishika wawili. Mmevaa gauni moja."

"Ni mimi! Mimi ndiye ninayekushusha!"

"Nyote mnasema hivyo. Mmoja wenu aachie. Jamani, mnanipasua."

"Usiachie," mganga akasema.

"Usiachie, wifi," dada akasema, lakini alikuwa ameziba masikio.

Sauti ile ya kuchanika ikapanda. Damu ikatoka puani mwa Rubani, uzi mmoja mwembamba, na uso wake ukawa uso wa mtoto anayeumizwa na mtu anayemwamini. Waliomlaumu mkewe baadaye hawakuwa ndani ya chumba kile. Alishika kadiri mtu anavyoweza kushika kitu ambacho kukishika ndiko kunakokiua, na kisha mikono yake, yenyewe, ikafunguka.

Kola ikavutika hadi mwisho, ikabaki imesimama.

"Asante," Rubani akasema. Uso ulikuwa umetulia. "Haiumi tena." Macho yake yakarudi magotini. "Mke wangu? Uko wapi? Mapaa yote yanafanana."

Mke akavuta shuka la njano kitandani, akakimbia nalo uani, akalitandika juani kwenye saruji na kulala juu yake chali, uso wazi kwa jua kali. "Niko kwenye njano!" akapiga kelele kuelekea dirishani. "Tafuta njano!"

Kisha, kutoka ndani, sauti ileile ya upole: "Nimeiona. Ni wewe hiyo? Ni kama punje ya hindi."

"Ni mimi!"

"Usiondoke hapo basi. Nakuona."

Hakuondoka. Mganga alijaribu maneno yake mengine chumbani, kwa sauti ya chini ya mtu asiyeyatumaini, kisha akaacha. Kila baada ya muda sauti ilikuja kupitia dirishani ikasema, "Nakuona bado," na yeye akaitikia, na muda kati ya mara moja na nyingine ukawa mrefu, ukawa mrefu zaidi, na kivuli cha ukuta kikaanza kutambaa kwenye saruji kuelekea ukingo wa shuka.

Wifi yake akaja dirishani. Alisimama pale, akamtazama, akafunika mdomo kwa kiganja.

Mke akanyoosha mikono na miguu hadi pembe nne za shuka, akajitandaza kadiri mwili ulivyokubali, ili awe mkubwa.