Ukuta Katikati ya Sebule

Doa lilianza katikati ya ukuta. Mke aliliona asubuhi moja akifagia: duara dogo la unyevu, usawa wa kifua chake, kwenye plasta ambayo haikuwa na hata mwezi mmoja. Akamwita mumewe. Mume alikuwa fundi umeme, mtu wa kugongagonga kuta za watu, akaligusa, akasema unyevu hupanda kutoka chini au hushuka kutoka juu, haukai katikati kama kifungo cha shati. Akalifuta kwa kitambaa. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa limerudi, na lilinuka maziwa yaliyolala.

Nyumba hiyo ilikuwa ya kwanza kwao. Katika ukoo mzima wa mume, mwenye nyumba za kupangisha alikuwa mjomba wake tu, na ndiye aliyewafunda. Aliwaambia nyumba haitazamwi mara moja. Waiendee jua likiwa kali, waiendee mvua ikinyesha, waiendee jioni watu wakirudi kazini. Wamuulize jirani kabla ya dalali, maana hajazaliwa dalali aliyeona nyumba mbaya. Wakishanunua, wakae upande mmoja na kupangisha wa pili. Waliyafuata yote isipokuwa moja, alilolisema mwishoni akiwa anavaa viatu: wasibomoe wala wasijenge kitu ndani mpaka wamelala humo miezi mitatu.

"Nyumba ina njia zake," alisema. "Upepo una pake pa kupita, maji yana pake. Ukiziba kabla hujazijua, utaziba pasipozibwa."

Lakini dalali alikuwa tayari na mpangaji, kinyozi mseja na mpole, aliyetaka kuhamia wiki ileile. Na ndani palikuwa na sebule moja kubwa mno, kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Wakaigawa. Mume hakutaka ukuta wa mbao kwenye mali yake ya kwanza. Alitia matofali, na ndani ya matofali akasuka nondo za chuma, kutoka sakafuni hadi juu. Mwashi alimcheka, akamuuliza kama anamzuia tembo.

Kinyozi akahamia. Kila akipita alimsalimu mke, "Shikamoo, mama mwenye nyumba," ingawa alimzidi umri, na mke aliinamisha uso kwa haya. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache. Siku nzima alishona karibu na ukuta, na mwanawe wa miezi mitano, waliyempa jina la Kibonge kwa unene wake, alilala kwenye mkeka kando yake.

Ilikuwa alasiri moja alipogundua kwamba Kibonge hajalala. Alikuwa analitazama lile doa na kucheka, kama anavyocheka mtoto aliyeinamiwa na uso anaoujua.

Siku chache baadaye alikataa ziwa. Mama yake alidhani ni meno. Alijaribu ziwa la kulia, la kushoto, amekaa, amelala, na mtoto akageuza kichwa polepole, bila hasira, kama mgeni aliyekwisha kula kwingine. Pembeni ya midomo yake palikuwa na maziwa. Mama yake hakuwa amemnyonyesha tangu alfajiri. Aliyafuta kwa kidole, akanusa, akaficha mkono kwenye nguo.

Kliniki, nesi alimpima Kibonge mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuamini mizani. Mtoto alikuwa anapungua. Akamuuliza mama kwa upole kama maziwa yanatoka. Mama akakamua, yakaruka. Nesi akabaki kumtazama mtoto.

"Mtoto mwenye njaa hulia, mama. Huyu ameshiba."

Aliporudi, kinyozi alikuwa amesimama mlangoni akizungusha funguo mkononi, mtu aliyekuja na neno zito.

"Usinielewe vibaya, mama mwenye nyumba. Mtoto ni baraka. Ila Kibonge analia mno."

"Kibonge?"

"Tangu nihamie. Analia pale chini ya ukuta, kama amelala chumbani kwangu. Hata sauti imeanza kumkauka. Nikasema nisinyamaze, pengine ni ugonjwa."

Kibonge alikuwa kiunoni kwa mama yake, kimya, macho makubwa usoni palipokonda.

"Kaka," mama yake akasema kwa sauti ya chini, "huyu ana wiki tatu hajalia."

Wote wawili wakamtazama mtoto.

Alasiri ile mke alikaa kwenye cherehani akiupa mkeka mgongo, akakanyaga bila uzi, ili aonekane anashona, na chini ya mlio wa sindano akasikia mtu akiimba kwa pua, wimbo usio na maneno, ule ambao kila mama huutunga usingizi ukimchelewa mwanawe, na katikati ya wimbo pakaingia kwikwi, kisha wimbo ukaendelea, kisha kwikwi, hata mguu wake ukasahau kukanyaga, na alipogeuka hakuona mtu, aliona Kibonge amelala ubavu, midomo ikivuta hewa kwa ulafi, na mbele yake mkeka umebonyea, urefu wa mwanamke aliyejilaza.

Alimweleza mumewe, wakamwendea bibi mmoja aliyekuwa mkunga zamani, ambaye watu walimwita kwa uzazi wa binadamu na kwa mambo mengine pia. Alikuja mchana, mikono mitupu. Akaweka sikio ukutani. Akaenda upande wa kinyozi, akakaa huko kidogo, akarudi macho yamelowa. Akauliza ndani ya ukuta mna nini.

"Matofali na nondo," mume akasema.

"Hapa palikuwa njia," bibi akasema. "Ni jini mzazi. Alikuwepo kabla ya nyumba, na hakuna aliyewahi kulala vibaya humu. Siku mnajenga, yeye alikuwa huku, mwanawe amelala kule. Tofali kwao si kitu. Chuma hawakipiti."

Mume akauliza kwa nini asizunguke mlangoni. Bibi akamjibu kwamba wao hawatembei tunapotembea sisi. Njia yake ilikuwa hiyo moja.

"Maziwa yalimjaa, akayamwaga ukutani," akaendelea. "Kisha akaona mtoto mwingine kando yake, akampa. Hakumtakia ubaya. Lakini maziwa yao hayajengi mwili wa mtu. Mwanenu anakufa ameshiba."

Mume alikaa juu ya kiti cha cherehani. Alisema ukuta ukienda, mpangaji ameenda, na mpangaji akienda na kodi inayolipa mkopo, nyumba nayo haitakawia. Akaomba jini afukuzwe tu, kwa moshi, kwa kisomo, kwa chochote.

"Naweza kumfukuza," bibi akasema. "Mama anayefukuzwa bila mwanawe huondoka na aliye karibu."

Mke hakungoja jibu la mumewe. Alichukua nyundo, akapiga kwenye doa, na maji meupe yakamrukia kifuani. Akapiga tena. Pigo la nne mume akamshika mkono, akampokonya nyundo, akaendelea mwenyewe. Kinyozi akabomoa kutoka upande wake. Walikata nondo moja baada ya nyingine kwa msumeno, vumbi likawageuza wote wazee.

Ilipoanguka ya mwisho, kinyozi akafuta uso.

"Bibi," akanong'ona, "ile sauti. Tangu juzi sijaisikia."

Bibi akakaa chini palepale.

Kitu baridi kikawapita. Kwenye vumbi la sakafu yakatokea matone, moja, jingine, yakiharakisha kuelekea pembeni, chini ya kitanda cha kinyozi, na hapo yakasimama. Kisha kikatoka kilio, wala hakikuwa cha kutisha kama walivyotarajia, kilikuwa kile ambacho kila mmoja wao alishakisikia kwenye nyumba ya msiba, cha mwanamke aliyefunuliwa shuka la maiti, kikapanda hadi mabati yakatetemeka na kinyozi akaziba masikio, kikapanda bado.

"Sasa amebaki na mmoja," bibi akasema taratibu, akimtazama Kibonge.

Mume alitaka kumnyakua mtoto akimbie. Bibi akamzuia, akasema mfiwa hakimbiwi.

Mke alikaa juu ya vifusi, mwanawe mapajani, akaelekea pembeni kule. Hata kwa dalali alikuwa hajawahi kupandisha sauti; sasa aliipandisha kushinda kilio.

"Dada," akasema. "Pole. Pole sana. Tuliziba njia bila kuuliza. Sina neno la kukutosha. Lakini huyu ni wangu, nami sina mwingine. Naomba uniachie."

Kilio kikashuka. Nywele laini za Kibonge zikalala upande mmoja, zimelowa, kama zimepitiwa na kiganja. Kisha mtoto akakunja uso, akalia, kwa sauti ya kukwaruza, ya njaa, na mama yake akafungua nguo. Kibonge akalishika ziwa.

Mume akauliza kwa kunong'ona kama ameondoka.

Bibi akatikisa kichwa. "Yuko kule. Anamwosha mwanawe."

Chumba cha kinyozi hakikuwa na bomba wala ndoo. Mke akaweka kiganja juu ya sikio la mtoto, akanyonyesha akilia, na upande wa pili maji yakawa yanamiminwa kidogo kidogo, kwa uangalifu, kana kwamba anayeoshwa amelala tu.