Kovu la Mzee Angombwike

Saa mbili asubuhi, nyukipicha elfu arobaini waliruka kutoka kwenye mzinga wao juu ya mnara wa Mbeya na kusambaa mjini. Kila mmoja alikuwa mashine ndogo kama punje ya harage, na alipiga picha za watu sokoni, kazini, hata kwenye foleni ya maji. Kila picha ilipitia kwanza kwenye kinyooshi, akili ya mashine iliyofundishwa kuondoa kila ilichokiona kuwa dosari: jasho, kunyanzi, pengo la jino. Kisha ilimfikia mwenyewe kiganjani, bure. Kwa miaka thelathini hakuna aliyemtafuta mpiga picha.

Katika mji huo, Sekela Mwakyoma, mshona sare mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, aliamua kuwa mpiga picha.

Alisoma masomo ya jioni katika chuo cha upigaji picha. Kabla ya kila kipindi aliinamisha kichwa na kumwomba Mungu ampe macho ya kuona. Chuo kilimwazima kamera ya mkono, ya kale, isiyo na kinyooshi, kwa sharti moja: kufikia Ijumaa amlete mtu aliyemwomba picha kwa kinywa chake mwenyewe. Asipompata, kamera atapewa mwanafunzi mwingine. Nyingine haikuwepo.

Ili wanafunzi wajulikane, chuo kiliwapa mnadi, kifungo cha kubandika kwenye kola, kinachowatangaza chenyewe popote kinapokuta watu wengi waliotulia. Jumapili, kanisa zima likiwa limenyamaza kwa sala, kifungo kikapaza sauti: "Sekela! Jicho kuu la Nyanda za Juu! Mwone leo!"

Hata mchungaji alicheka. Sekela alikifungia kile kifungo ndani ya kopo la nyuzi.

"Shikamoo, mama," alisema Mwalimu Gwakisa jioni ya Jumatatu. Alikuwa na umri wa mwanawe wa pili.

"Marahaba, mwalimu. Mimi nimeshindwa. Kujinadi si malezi yangu. Mama yangu alisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Mama yako alikuwa anauza nini?"

"Ndizi."

"Aliziuza akiwa nyumbani?"

Sekela akacheka bila kutaka. "Alizipeleka sokoni Mwanjelwa. Kwa kichwa."

"Basi nawe peleka."

Usiku huo aliomba kwa muda mrefu. Hakuomba sifa, aliomba asikate tamaa kabla ya Ijumaa. Asubuhi alichapisha kwenye karatasi picha alizokuwa amewapiga watu wa sokoni kwa kamera ile, na kuzipeleka kwa wenyewe: mama wa maparachichi, fundi wa viatu, kijana wa kuosha magari. Wengine walishukuru, mmoja aliuliza kwa nini amefanywa mzee. Hakuna aliyeomba nyingine. Mzee Angombwike, muuza viazi, hakuwepo kwenye meza yake, kwa hiyo Sekela alimwachia picha ndani ya kikapu, juu ya viazi.

"Umeandika jina lako nyuma?" Gwakisa aliuliza jioni hiyo.

"Hapana, mwalimu. Si itakuwa kujisifu?"

Gwakisa alishika kichwa kwa mikono miwili.

Alhamisi mchana, Mzee Angombwike na mkewe, Bibi Tupokigwe, walifanya sherehe ya kutimiza miaka hamsini ya ndoa katika ukumbi wa kanisa. Sekela alikuwa nyuma, akiwasaidia akina mama kupakua wali. Ukutani, wajukuu walionyesha picha za nyukipicha za miaka thelathini. Katika kila picha babu yao alikuwa laini kama yai.

Bibi alitazama kwa muda, kisha akasema, "Zimeni. Huyu mwanamume ni nani?"

"Bibi, ni babu!"

"Babu yenu ana kovu kwenye nyusi. Nalijua, nilimtia mimi, kwa mwiko, mwaka wa kwanza wa ndoa."

"Na nilistahili," alisema Mzee, na ukumbi ukaangua kicheko.

Bibi hakucheka. "Niwekeeni Ipyana wangu."

Ipyana alikuwa mtoto wao wa mwisho, aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa. Picha zake mia tisa zilipita ukutani. Alizaliwa na doa jeusi shavuni, pana kama jani la chai. Hakuna picha hata moja iliyokuwa nalo. Mama yake alizitazama zote hadi ya mwisho.

"Mashine imemfuta," alisema taratibu. "Nasi tulishukuru kwa kuwa ni bure."

Hapo Mzee Angombwike akatoa karatasi mfukoni, yenye vumbi la viazi pembeni. Alikuwa yeye, akicheka na mteja, kovu limepinda nyusi, pengo wazi. Bibi aliishika kwa mikono miwili na kuigusa ile nyusi kwa kidole gumba.

"Huyu ndiye," alisema. "Nani kaipiga? Nataka yetu sote wawili, leo, kabla Mungu hajatuita."

Mzee aliigeuza karatasi. Nyuma palikuwa patupu. Watu wakatazamana.

Sekela alisimama na upawa mkononi. Alikuwa ameomba kwa miezi apewe macho. Sasa alihitaji mdomo, na huo alikuwa nao tangu kuzaliwa. *Baba, nisaidie*, alisema moyoni.

"Ni mimi," alinong'ona.

"Nani huyo?" Bibi alitega sikio. "Mwanangu, sema kwa nguvu, mimi ni kizee!"

Sekela aliweka upawa chini.

"Ni mimi, mama! Naitwa Sekela Mwakyoma. Mimi ni mpiga picha."

"Sasa umejificha kwenye wali kwa nini?" alisema Bibi. "Kalete kamera."