Nusu ya Nyumba ya Nerys

— Lakini una nyumba, dada Nerys.

— Nina nusu ya nyumba.

— Nusu ipi?

— Ile ambayo mume wangu yumo ndani yake, hataki kutoka wala kuuza.

Bi Prosser, karani wa ofisi ya msaada wa kodi ya nyumba, hakucheka. Alikuwa msichana mdogo, mafua yamembana, na watu kumi na wawili bado walikuwa wanamsubiri. Akageuza kompyuta ili Nerys naye aone.

— Nyumba mnayoimiliki pamoja hatuihesabu kwa miezi sita tangu ulipoihama. Hapa umeandika mliachana tarehe tatu Februari. Leo ni Septemba. Miezi yako iliisha Agosti. Sasa nusu yako inahesabiwa kama mali, na mwenye mali hapewi msaada wa kulipa kodi ya chumba.

— Nilihama Juni.

— Mbona umeandika Februari?

Nerys akatazama mikono yake.

— Mliuliza tulipoachana. Februari ndiyo nilihamia chumba cha nyuma. Mimi nilihesabu kuanzia hapo.

— Chumba cha nyuma cha nyumba ileile?

— Ndiyo.

Bi Prosser akapenga kamasi, akashusha pumzi.

— Dada yangu, umesema ukweli mahali pasipouhitaji. Niletee karatasi ya mtu anayejua siku uliyotoka mlangoni. Mwisho Ijumaa.

Ijumaa hiyohiyo mwenye nyumba alitaka jibu: anabaki, au chumba alichopanga juu ya duka la samaki na chipsi apewe mtu mwingine. Nerys alimtumia mumewe, Huw, ujumbe akiwa bado kwenye ngazi za ofisi, mvua ya mji wa Treorchy inamnyeshea.

"Nahitaji barua ya kusema nilihama lini. Kabla ya Ijumaa."

Jibu likaja upesi.

"Rudi nyumbani. Hutahitaji barua."

Akampigia.

— Huw, sina nguvu za haya.

— Mimi ninazo? Naishi na vyumba vitatu na birika moja.

— Birika nililichukua mimi.

— Basi hata birika sina. Nerys, nikiandika barua hiyo, nimekubali.

— Umekubali nini?

Televisheni ilisikika kwa mbali, watu wanashangilia mpira.

— Usipoandika nitalala kwa dada yangu, kwenye kochi, na mbwa wake. Hilo ndilo unalotaka?

— Yule mbwa ananuka.

— Najua ananuka, Huw!

Simu ikakatika. Nerys hakujua nani kati yao ameikata.

Siku tatu hakupata neno. Alhamisi jioni alipanga nguo zake kwenye mifuko miwili, polepole, kama anayepanga za mtu mwingine. Ijumaa asubuhi akaenda ofisini mikono mitupu, kwa sababu kutokwenda kungekuwa vibaya zaidi.

Huw alikuwa ameketi pale, amevaa koti lake la mazishini, kalenda imekunjwa kwapani.

— Umenyoa, Nerys akasema.

— Nimejikata.

— Naona.

Bi Prosser akawaita wote wawili. Huw akafungua kalenda mezani. Ilikuwa ile ya baraza la mji inayoonyesha siku za kuzoa taka, iliyokaa kwenye mlango wa friji yao miaka yote. Kila Alhamisi Huw aliandika rangi ya mifuko ya taka ya kutoa, bluu au ya kijani. Nerys alimcheka sana kwa tabia hiyo.

— Barua nimejaribu, Huw akasema. Imenishinda. Tazameni hapa.

Tarehe kumi na nne Juni, chini ya neno bluu: *Nerys kaondoka. Saa nne asubuhi.* Baada ya hapo hakuna kilichoandikwa tena. Wiki hadi wiki, nyeupe.

Bi Prosser alipomaliza kuipiga picha, Nerys akafunua nyuma hadi Februari. Tarehe tatu, kwa herufi ndogo: *N. chumba cha nyuma.* Na siku iliyofuata: *Bado.* Na iliyofuata: *Bado.*

— Nilidhani hukujali, akanong'ona.

— Nilikuwa nasikia kitanda kile kinavyolia. Sikujua niseme nini, nikawa naandika.

— Ungebisha hodi tu.

— Sasa ndiyo najua.

Bi Prosser akaikunja kalenda, akamrudishia Huw.

— Itatosha. Miezi yako inakwenda hadi Desemba, na nyumba ikiwa sokoni unaweza kuomba tuongeze. Lazima niwaulize swali moja, ndiyo kazi yangu. Nyinyi wawili bado ni mke na mume, kwa maana ya kuishi pamoja?

Nerys akaikunja skafu yake mapajani. Huw akamtazama, kisha akaitazama kalenda.

— Hapana, akasema. Tuliachana. Aandikiwe chumba chake.

Miezi mitatu Nerys alikuwa akililia neno hilo. Sasa limesemwa, na lilimuuma kuliko mlango wowote aliowahi kuufunga.

Nje mvua ilikuwa imepungua.

— Jumatatu nitampigia dalali wa nyumba, aje aweke kibao cha kuuza, Huw akasema. Utahitaji kusaini na wewe.

— Nitakuja.

— Sina birika la kukukaribishia chai.

Nerys akajifunga skafu, akachelewa kidogo kuliko ilivyohitajika.

— Nitakuja nalo, akasema. Lakini nitarudi nalo.

— Sawa, Huw akasema. Safari hii nitabisha hodi, hata kama mimi ndiye niliye ndani.

Kwa mara ya kwanza tangu Februari, wakacheka pamoja, kisha kila mmoja akashika njia yake.