Mabibo Aliyokula Kabwela

Kila alfajiri kabla ya shule, Neusa alifungua zizi, akafagia, kisha akataja ukoo wa kondoo mmoja mmoja huku bibi yake, Bibi Ines, akisikiliza kutoka jikoni. Akikosea jina la mama wa kondoo, alirudia tangu mwanzo.

Walikuwa kondoo tisa wa mkia mnene. Zamani mbegu hiyo ilijaa vijiji vyote vya huku. Wakaja mabwana wenye makabrasha, wakasema haifai, ichanganywe na ya kigeni. Watu wakatii, na mbegu ikayeyuka kama chumvi mvuani. Waliosema hawakurudi kuona. Bibi Ines peke yake alikataa, na sasa dume safi lilibaki moja tu, Kabwela. Likifa hilo, ukoo umekwisha.

Jumamosi moja ya msimu wa korosho, Neusa alitakiwa kuwapeleka malishoni. Jua lilikuwa kali, na wenzake walikuwa wanacheza rede. Akawaacha majike zizini, akamfunga Kabwela chini ya mkorosho, kando ya rundo la mabibo yaliyokwisha kunyofolewa korosho. Bibi alishamkanya: bibo moja au mawili si neno, rundo linaua.

Aliporudi, Kabwela alikuwa amelala ubavu. Tumbo limevimba kama ngoma, kinywa kinanuka uraka, pombe ya mabibo. Neusa akaufuta mdomo wa dume, akafukia mabibo yaliyosalia, akakimbia nyumbani.

Bibi alipouliza kulikoni, ulimi ukamtangulia. "Ni salfa ya jirani, Mzee Salumu, Bibi. Alipulizia mikorosho yake dawa hiyo, ikaangukia majani."

Bibi akampigia simu bwana mifugo, Josephu, naye akaja na pikipiki kutoka Nanyamba. Alipofika chini ya mkorosho, majirani walikuwa wameshajaa, na Mzee Salumu ameshaitwa. Mzee alisimama kofia mkononi, akieleza kwamba salfa yake iliisha tangu Agosti. Mmoja akamcheka, akasema mchawi hakiri. Wengine wakaguna kukubali.

Josephu alimpapasa Kabwela ubavuni, akainua uso. "Sumu ina tiba yake, na chakula kina tiba yake. Nikikosea, jioni tunazika. Nani alikuwa naye?"

Watu wote wakamtazama Neusa. Alimwogopa Bibi, aliogopa vicheko, aliogopa macho ya Mzee Salumu. Kabwela akasaga meno kwa maumivu, na sauti ile ikamtisha kuliko yote.

"Ni mabibo," alisema, kwa shida. "Mimi ndiye niliyemfunga pale. Salfa nilitunga."

Josephu hakungoja zaidi. Aliagiza magadi soda, akayakoroga kwa maji ya vuguvugu, akamnywesha Kabwela kidogo kidogo kwa chupa, kisha akapitisha mpira mwembamba kooni kutoa hewa. Aliyeshika kichwa cha dume muda wote huo ni Mzee Salumu. Neusa alisugua tumbo mpaka mikono ikafa ganzi, akiogopa kila pumzi kuwa ndiyo ya mwisho. Saa kumi, tumbo likaanza kunywea. Kabwela akasimama, akayumba, akacheua.

Neusa akapiga magoti mbele ya mzee. "Babu, nisamehe. Nilikusingizia."

"Nimesamehe," akajibu Mzee Salumu. "Lakini umenitia uchawi uzeeni, mjukuu wangu."

Bibi Ines akasema: "Nilivuka mto Ruvuma nikiwa mkimbizi mdogo kuliko wewe, Neusa. Kuku akipotea hapa, tulisakwa sisi wageni. Mtoto akiugua, sisi. Kosa lako la mabibo lilikuwa na dawa kwa sababu ulilisema. Ungenyamaza, leo tungezika dume na jina la mtu. Kosa lako libebe mwenyewe, usimtwishe jirani."

Kisha akawageukia majirani, waliokuwa wameanza kuondoka mmoja mmoja.

"Mtoto ameshaomba radhi," akasema. "Ninyi watu wazima mlioamini upesi, mtaomba lini?"