Ndege wa Bwawa la Majitaka

Ndege hamtazami mtu kwa macho mawili. Kama hujui, kamata kuku umwangalie: atageuza shingo akukague kwa jicho moja, halafu ageuze akukague kwa lile la pili, kama mama mkwe. Sasa asubuhi moja yangeyange, yule ndege mweupe wa majini, aliikodolea lenzi ya kamera macho yote mawili, uso mzima, na macho yenyewe yalikuwa yanatoa machozi.

Bingwa, mwenye kamera, akaipenda picha. Ndiyo hasara ya kuitwa Bingwa, hasa kama jina umejipa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa picha za harusi na za vitambulisho, katika chumba kimoja chenye pazia la bluu, lakini roho yake ilikuwa kwa ndege. Na ndege wa mji ule walijaa pale ambapo mwenye akili zake hakanyagi: kwenye mabwawa ya majitaka. Kila asubuhi alilala kifudifudi ukingoni, mavi ya mji mzima yakitokota mbele yake taratibu kama uji, akasubiri.

Alisubiri na lenzi yake ya kuvuta mbali. Chuma kitupu, ndefu kama mkono kuanzia kiwiko, kongwe kuliko yeye, haina mota wala akili. Ukitaka picha itulie unazungusha pete kwa vidole, na pete ina namba za mita. Aliiokota kwenye mitumba, vioo vyake vimeota kuvu kwa ndani.

"Wenzangu kamera zinawalengea," alikuwa akitamba. "Mimi nalenga kwa mkono. Ndege akija, ananikuta nimeshafika!"

Ujanja wake ulikuwa huu: alichagua bomba lililochomoza katikati ya bwawa, akalenga bomba lenyewe, mita kumi na tano, kisha haigusi pete tena. Ndege atajileta mwenyewe.

Tatizo kioo cha nyuma kilikuwa kinashika ukungu. Mwingine angetafuta kitambaa safi na dawa yake. Bingwa alichomoa lenzi kwenye kamera, akaiweka mdomoni kama mpiga baragumu, akahema ndani, haaa, akafuta kwa pindo la shati. Kila siku, mara tatu mara nne. Kuvu ikanenepa.

Aliyeanza kusikia harufu ni mke wake, fundi cherehani, aliyeshonea pale pale sebuleni.

"Wewe bwana, umeleta nini humu ndani?"

"Si harufu ya bwawa tu?"

"Ya bwawa naijua, nimeizoea kama nilivyokuzoea wewe. Hii ni ya kuku aliyefia kwenye ndoo, watu wakasahau."

Akafungua mkoba wa kamera kwa ncha za vidole. Mpira wa pale pa kuchungulia ulikuwa umelowa ute, mzito kama ute wa yai bovu. Alipougusa akatoa kidole, ute ukamfuata, ukavutika uzi mrefu, haukukatika. Mama wa watu akakimbilia bafuni.

Bingwa akacheka, lakini kicheko cha upande mmoja, maana jicho lake la kulia, jicho la kazi, lilikuwa limeanza kuamka limegandamana. Alilifungua kwa maji ya moto. Kwenye usaha alikuta kinyoya, cheupe, laini, cha kifaranga. Alikifuta kwenye suruali, akaenda zake bwawani.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ndege juu ya bomba. Mkubwa kama mbuzi mdogo, rangi ya majivu, shingo tupu imebabuka. Manyoya yameshikana kwa usaha, na kati ya manyoya funza wanapishana bila haraka, kama watu wenye nafasi. Mdomo wa ndege hakuwa nao. Alikuwa na midomo miwili, ya mtu, imepasuka, naye alikuwa anairamba. Bingwa akainua kichwa atazame kwa macho makavu. Bomba tupu. Akarudi kwenye lenzi. Yupo. Sasa mwenzangu na mimi tungetupa chuma tukatimua mbio. Bingwa akapiga picha sita.

Kesho yake bomba lilikuwa safi, ila kulikuwa na kivuli kimevurugika mbele yake. Akazungusha pete. Kivuli kikatulia kwenye mita kumi na mbili: ndege yule yule, mita tatu karibu zaidi. Alitimua mbio siku hiyo, kwa kuchelewa.

Nyumbani alichungulia dirishani kwa lenzi, ahakikishe tu. Mkewe alikuwa uani anaanika nguo. Pete ikasimama kwenye tisa, na kile kitu kilikuwa kimetua kwenye kamba, kati ya shuka na gauni la mteja, midomo iko karibu na kisogo cha mkewe.

"Mke wangu," akaita kwa sauti ya chini. "Ingia ndani. Usigeuke. Taratibu."

Mke akaingia, akasimuliwa, akachungulia kwa jicho lake zima. "Mbona sioni kitu? Kamba na nguo zangu tu."

"Kipo."

"Basi kiko jichoni kwako," akanong'ona. "Hebu jitazame. Linavuja."

Mchana ule kilikuwa mlangoni, mita sita. Saa kumi kilikuwa juu ya meza ya cherehani, mita nne. Na nne ndiyo ilikuwa namba ya mwisho, lenzi ile haioni kilicho karibu zaidi ya hapo, kwa hiyo Bingwa alipochungulia tena, mkewe amemshika shati kwa nyuma asianguke, hakuona ndege wala midomo wala funza, aliona kijivu tu, kijivu kilichojaa kioo chote toka ukingo hadi ukingo, kinapanda kinashuka, kinapanda kinashuka, na akajua kwamba anatazama kitu kinachohema, na pumzi yenyewe ilikuwa inamgusa mboni, ya moto, ina harufu ya shati lake mwenyewe.

Alipoitoa lenzi usoni, jicho la kulia lilibaki na kile kijivu. Kwa daktari walimpa dawa ya matone. Ikaingia kama maji, ikatoka kama ute. Bila jicho lile Bingwa ni nani? Mtu wa pazia la bluu. Akalia kama mtoto, na kila chozi lilikuwa na funza.

Mkewe akamleta mganga, mzee mkavu mwenye hasira za tangu asubuhi. Mzee akainusa lenzi, akatema.

"Uliipulizia pumzi?"

"Kidogo, mzee. Kufuta ukungu."

"Mara nne kwa siku," mke akasema.

"Na ulijua ndani kuna kitu kinaota?"

"Nilijua ni kuvu tu."

"Kuvu tu! Umempa jini pumzi, umempa joto, halafu kila asubuhi unamwekea jicho mlangoni. Hata mimi ningeingia!" Akavuta beseni. "Nusu yake bado iko kwenye chuma. Ulivyoipuliza ndivyo utakavyoivuta. Itajaa mdomoni, uteme humu. Ukimeza hata tone, jicho si lako tena."

Bingwa akaweka midomo kwenye kioo, akavuta. Kwanza ukaja ubaridi wa chuma, halafu uvuguvugu, halafu kikaja chenyewe, kizito, kinateleza, kina manyoya na mifupa laini kama ya kifaranga ambaye hajaanguliwa, kikajaza mashavu, kikatafuta koo, kikamramba ulimi kwa ulimi wake, na mzee anapiga kelele "Usimeze! Usimeze!" na mke anampiga mgongoni kwa viganja vyote viwili mpaka donge likachomoka, likaanguka besenini pwaa, la kijivu, linahema.

Mzee akalimwagia mafuta ya taa, akaliwasha. Lenzi akaisaga kwa nyundo.

"Umemeza?" akauliza. "Kama umemeza sema sasa hivi. Dawa ipo, utatapika siku tatu, lakini ipo."

Tone moja lilikuwa limeshuka. Bingwa alilisikia lilivyoteremka, polepole, kama konokono. Akamtazama mkewe, aliyekuwa anamwangalia kwa fahari kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Akafikiria siku tatu za kutapika.

"Bingwa hamezi," akasema.

Asubuhi jicho lilikuwa jeupe, kavu, zuri kuliko zamani. Aliona tundu la sindano toka upande wa pili wa sebule. "Njoo uone jicho la mume wako!" akaita, akaenda kwenye kioo cha bafuni, akazishika kope kwa vidole viwili, ya juu akaivuta juu, ya chini chini, akague kama wekundu umebaki.

Mkewe akatokea mlangoni nyuma yake, akatazama kwenye kioo. Tabasamu likamfutika. Akaanza kurudi kinyumenyume.

"Nini wewe?"

Vidole vya Bingwa vilikuwa bado vimezishika kope zote mbili, wazi kabisa. Ngozi nyembamba, nyeupe, yenye unyevu, ikachomoza kwenye pembe ya jicho upande wa pua, ikatambaa ikalifunika jicho lote, ikatulia kidogo, ikarudi, kama kuku anavyopepesa.